Hazikuwa Sababu za Kifamilia

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, mhariri wa lugha wa jarida letu la afya ya akili anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Ofisi nzima humwita Bwana Mkato, kwa sababu hajawahi kuuona mkato uliokaa vibaya akaunyamazia.

Aliajiriwa kusoma prufu, zile nakala za kusahihishwa kabla ya kuchapwa. Haikupita miaka mingi, ikawa hakuna makala inayotoka bila kupita mezani kwake, pale dirishani, penye chupa ya chai asiyomkaribisha mtu. Maprofesa walimwogopa. Mmoja alirudishiwa makala mara nne, akaja juu, na jioni akaondoka akicheka, makala imepungua nusu. Ni Bwana Mkato aliyepiga marufuku neno "kichaa" katika kurasa zetu, akataka kila mgonjwa aandikwe kama mtu mwenye kazi, ndugu na majirani.

Katikati ya utumishi wake aliugua. Aliugua akili, maradhi yaleyale tunayoyaandikia kila toleo, akalazwa miezi kadhaa. Aliporudi alikuta meza yake imehamishiwa stoo, kati ya maboksi ya matoleo ya zamani, eti apate utulivu. Akaachiwa kuhakiki orodha za marejeo tu. Toleo la msimu huohuo lilibeba makala ndefu kuhusu namna ya kumpokea mfanyakazi anayetoka hospitali. Walioisifu walipita mlango wa stoo kila siku wakienda kunywa chai, na hakuna aliyepiga hodi. Alitolewa humo siku makala ya mhariri mkuu, iliyokosa jicho lake, ilipochapwa haina mwisho. Meza ilirudi dirishani kabla ya chakula cha mchana, na mhariri mkuu mwenyewe alishika mguu mmoja.

Rasimu ya wasifu huu niliipeleka utawala. Ikarudi aya hiyo imefutwa, na mahali pake pameandikwa kwamba alichukua likizo kwa sababu za kifamilia. Nilielezwa kwamba tunalinda heshima yake. Heshima gani hiyo, na mwenyewe hakuulizwa? Tunalipwa mshahara kwa kuwaambia watu wasione haya, halafu tunaona haya kwa niaba ya mtu ambaye hana haya yoyote. Nimekasirika na sifichi. Shemeji yetu, mkewe, aliposikia aliuliza ni familia ipi hiyo, maana ya kwake ilikuwa wodini kila jioni ikimlisha uji.

Bwana Mkato alizisoma rasimu zote mbili. Akaikata ya utawala kwa mstari mmoja, akasema kama aya yake haichapwi, basi keki ya kuagana tuikate wenyewe. Imechapwa, kama mnavyoona. Ijumaa ataisoma yeye mwenyewe ukumbini.

Kaka, ahsante kwa kutufundisha kuandika kama watu. Kapumzike kwa afya na furaha, na shemeji asikupe chochote cha kusahihisha. Viti vya mbele ni vyake yeye na wale wauguzi wawili waliokuhudumia wodini, ambao umewaalika mwenyewe. Anayeona haya kukaa nao, nyuma kuna nafasi.