Edith Nyamusi Okari, Mama Aliyeiogopa Januari

Mchungaji, wazee wa Lambwe, jamaa mliotoka Rangwe, na nyinyi wenzake wa hospitali mliofika kutoka Migori, familia imenituma niwasomee safari ya Mama Wesley, nami nitaisoma polepole, jinsi mwenyewe alivyopenda mambo yasomwe.

Edith Nyamusi Okari alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 sokoni Rangwe, katika chumba cha nyuma cha duka la nafaka, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Okari na Mama Nyasuguta, waliohama kutoka Kisii na kuishi miongoni mwa Wajaluo hadi watoto wao wakaota ndoto kwa Dholuo. Alisoma shule ya msingi hapo Rangwe kuanzia mwaka 1981 hadi 1988, kisha sekondari Homa Bay hadi mwaka 1992, na walimu wake walimkumbuka kama msichana aliyekuwa wa mwisho kutoa karatasi ya mtihani, si kwa kuwa hakujua majibu, bali kwa kuwa aliogopa swali limebadilika alipogeuza macho.

Alisomea utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa Kisumu, na tarehe 3 Februari 1997 akaajiriwa katika hospitali ya misheni mjini Migori, ambayo hakuiacha tena. Tarehe 19 Desemba 1999 alifunga ndoa na Mwalimu Cephas wa boma hili, mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza, na Mungu akawajalia Wesley mwaka 2001 na Cate mwaka 2005.

Mwaka 2014 hospitali ilipopata mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili, Edith alihamishiwa chumba cha picha, na hapo ndipo hofu yake ilipopata makao. Kwa wale wasioijua kazi hiyo, kila picha inayopigwa, iwe ya kifua, ya kichwa au ya goti, ina namba yake, na kampuni ya bima haiangalii uso wa mgonjwa, huangalia namba. Kila mwaka unapoanza, baadhi ya namba hufutwa, nyingine hugawanywa, nyingine mbili huunganishwa kuwa moja, na anayeandika ya mwaka uliopita hurudishiwa ombi lake la kibali cha bima, huku mgonjwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu akisubiri. Kwa hiyo Desemba, wengine waliponunua mchele na nguo za watoto, Edith alitembea nyumbani akinong'ona namba, akaunguza ugali, akasahau chumvi, hata mama mkwe wake, Mama Awino, akamtania mbele ya wageni, "Wenzako wanangoja Krismasi, wewe unangoja kukamatwa?" Naye akajibu, "Mama, afadhali nikamatwe mimi kuliko mgonjwa."

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 2022 ulianza Jumamosi, siku ya Sabato, na Edith, ambaye hakugusa kazi tangu jua lilipozama Ijumaa, alikuwa ameketi kanisani macho mlangoni, maana namba mpya zilianza kutumika asubuhi ile ile. Katikati ya somo akaingia mtu wa bodaboda, helmeti mkononi, akasema kijana mmoja mchimba dhahabu, Tony, ameporomokewa na shimo kwenye machimbo ya Masara, kwamba hospitali imeomba bima kibali cha picha ya tumbo na nyonga, na ombi limekataliwa mara mbili. Edith akajua papo hapo kosa liko wapi, kwamba walio zamu wameandika namba mbili za zamani badala ya ile moja mpya, lakini akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, asijue amkosee nani. Shemasi Bogonko akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, leo ni Sabato," na kabla hajamaliza, Mama Awino, ambaye hata moto wa chai hakuwasha siku hiyo, akasimama katika benchi la akina mama akasema, "Nenda, nyathina, mwanangu. Maandiko yanasema ng'ombe akitumbukia shimoni utamtoa, na huyu si ng'ombe, ni mtoto wa mtu."

Alienda. Ombi likapita, picha ikaonyesha damu inavuja ndani, na Tony akafika Kisumu akiwa hai. Leo yuko pamoja nasi, na mikono yake ndiyo iliyoongoza vijana kuchimba kaburi atakamolazwa Mama Wesley.

Watu walimsifu Edith, lakini yeye hakulala vizuri mwezi mzima, kwa sababu aliendelea kujiuliza ingekuwaje kama angekuwa safarini, au mgonjwa, au amekufa. Tangu hapo akaanza kumfundisha mwenzake, Marion, akitumia njia aliyoiona kwa mume wake, kwamba mtoto huulizwa kwanza nini kimeondoka, ndipo aulizwe nini kimeingia, maana kosa hujificha katika kile ambacho mkono umekizoea.

Mwezi Juni mwaka 2024 alianza kuumwa tumbo. Alipigwa picha katika chumba kile kile alichokifanyia kazi, na akiwa amelala ndani ya mashine aliuliza, "Mmeandika namba ya picha yenye dawa au isiyo na dawa?" wakacheka wote, kisha picha zilipotokea hakuna aliyecheka. Ilikuwa saratani ya kongosho. Alitibiwa Kisumu, akapata nafuu, akarudi kazini, akazidiwa tena Oktoba mwaka jana, na namba za mwaka huu zilipofika, hakuwa na nguvu ya kukaa.

Marion akawa anakuja kitandani kila jioni. Edith aliuliza kwa midomo tu, na Marion akajibu, hadi tarehe 27 Desemba alipoulizwa picha ya mishipa ya mguu akajibu namba iliyofutwa. Edith akatikisa kichwa. Marion akajaribu tena, akakosea tena, akatoka nje akilia, na asubuhi ya Jumapili, tarehe 28 Desemba 2025, kabla hawajaonana tena, mama yetu akafumba macho. Mwalimu Cephas anasema usiku ule hakuzungumzia kifo hata kidogo, alishika tu mguu wake mwenyewe, akaupapasa.

Jumatatu wiki hii mzee mmoja wa Homa Bay mwenye kidonda cha kisukari aliletwa Migori, na daktari akataka picha ya mishipa ya mguu kabla ya kuamua kuukata au kuuokoa. Marion alikuwa peke yake kwenye zamu. Aliandika, akafuta, akajiuliza nini kimeondoka, akaandika tena, akatuma, na siku mbili za kungoja jibu la bima hakula. Jana saa nne asubuhi alimpigia Mwalimu Cephas simu, akabaki analia, na Mwalimu, ambaye amezoea watoto wanaolia hata wakiwa wamepata, akamwuliza kwa upole, "Limepita?" Naye akasema, "Limepita, baba." Mguu wa mzee yule bado tunauombea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Migori na Kisumu, majirani waliolala nasi kwenye baridi, kanisa, na wenzake wa chumba cha picha, hasa wewe Marion, simama watu wakuone.

Nyar Okari, binti wa Okari, maisha yako yote ulituuliza kwanza nini kimeondoka. Leo hatuhitaji kuulizwa. Januari imeingia, ombi limepita, na hakuna anayekungoja mlangoni. Lala sasa, mama, pumzika kwa amani.