Ukuta Mmoja Tu Tunaomba: Risala kwa Mwenye Jengo la Vioo

Mgeni rasmi, mwenye jengo la vioo. Walinzi wako mliosimama pale utadhani bustani nayo ni yenu. Wateja na majirani: karibuni. Viti tumeazima, kwa hiyo kaeni kwa adabu.

Tulikotoka

Tulianza kupiga picha za harusi hapa kabla msingi wa jengo lako haujachimbwa. Siku hizo nyuma ya maharusi palikuwa na jalala. Mwenye jalala hakuwahi kutufokea.

Mafanikio

Nusu ya ndoa za mji huu zimepita mikononi mwetu. Mwenzetu Mama Mwanga humchekesha hata bwana harusi aliyeburutwa na wajomba.

Changamoto

Mama Mwanga alibandika picha ya harusi kwenye dirisha la studio yake, na jengo lako likachungulia nyuma ya maharusi. Walinzi wakasema anajitangazia biashara kwa mali yako bila ruhusa, wakaondoka na kamera. Wakili akatueleza kwamba kulipiga picha jengo ukiwa barabarani ni jambo moja, kulitumia kuvutia wateja ni jingine. Hilo la pili tulipaswa kukuomba kwanza. Sawa, tumekosa. Picha tumeibandua.

Tangu hapo tunahangaika kulificha. Juzi tulimsimamisha shangazi wa bibi harusi mbele yake, maana ana mwili. Jengo likamzidi. Shangazi hatusemeshi mpaka leo.

Lakini nawe, mgeni rasmi! Kalenda ya kampuni yako imechapisha studio zetu zilivyo kutoka juu, pamoja na kamba ya nguo ya Mama Mwanga na gagulo lake. Hukupiga hodi. Mwenye gagulo bado amenuna.

Ombi

Turudishie kamera. Ndani yake mna picha za harusi ambazo hatujazisafisha. Baba wa bwana harusi, mzee aliyekimbia kamera maisha yake yote, siku ile alicheka mpaka akaegemea ukuta wako. Wiki iliyofuata alifariki. Mwanawe amekaa kiti cha nyuma pale. Alituambia, "Nipeni baba tu, mengine kateni." Tumeshindwa kumtazama usoni, na inatuuma.

Jengo tutalikata, vioo vyote. Ila pale mzee alipoegemea, tunaomba ruhusa yako tupaache, kwa sababu tukikata pale tutamkata na mkono.

Mungu akuzidishie afya, na walinzi wako awapunguzie mbio.

Ni sisi,
Wapiga Picha wa Bustanini