Kauri ya Kazimir Inapasukia Wapi?

Benchi la nje ya duka la mikate la Mama Tekla, hapa Detroit, limeegemezwa kwenye ukuta wa tanuri, ndiyo maana hata Januari halikosi watu. Asubuhi hiyo Kazimir, ambaye wenzake humwita Kauri, alikalia ncha tu, kahawa ikimpoa mkononi. Yeye ndiye anayefinyanga kauri za plagi, kile kidude kinachotoa cheche ndani ya injini ya motokaa. Tangu baridi ianze, zinapasuka. Bosi alishasema: leo gari la majaribio lisipofika mtoni na kurudi, plagi zitanunuliwa kwingine, na Kazimir arudi kufinyanga vitasa vya kauri vya milango. Roho ilimuuma, maana vitasa alivifinyanga ujana wake wote.

— Badilisha udongo, alisema Wendell kinyozi, ambaye kwa kupenda kutoa hukumu wanamwita Jaji.

— Nimebadilisha mara tatu, Jaji.

— Basi mara ya nne. Mchagua jembe si mkulima.

— Sasa hiyo methali inamwambia abadilishe au asibadilishe? aliuliza Ignac.

— Inamwambia akusikilize wewe mwisho!

Ignac, au Farasi, anaendesha mkokoteni wa makaa, na motokaa hapendi hata kuzisikia.

— Nyie mnalaumu udongo bure. Umeme ni radi ndogo. Umeona wapi radi ikafungiwa kwenye kikombe ikatulia? Tena inasikia nyaya za tramu zikiimba juu, inataka kwenda kwa ndugu zake!

— Toka hapa! alisema Jaji. Mbona plagi za kiangazi hazikwenda kwa ndugu?

— Kiangazi nani anatembelea ndugu? Watu wako shambani.

Kazimir alicheka bila kutaka. Lakini neno la kiangazi lilimkaa kichwani. Kweli, mbona kiangazi zilidumu?

— Ni petroli, Jaji aliamua. Imetolewa chini ya ardhi kwenye joto, ikikuta baridi ya huku inapiga chafya. Chafya ndiyo inavunja kauri.

Mlango ukafunguliwa. Dereva wa majaribio akatoka mbio na plagi za moto toka tanurini, zimefungwa kitambaa kinachofuka moshi, akavuka barabara kuelekea gari lililolala kwenye theluji. Nyuma yake alitoka Mama Tekla, birika mkononi.

— Kila asubuhi hivyo hivyo! Mikate yangu inalala na vyuma vyenu!

— Vumilia, shemeji, alisema Jaji. Plagi isipookwa, injini haiwaki. Mji mzima unaoka.

Binamu yake Tekla, Halina, mgeni kutoka Toledo, alikuwa amesimama mlangoni na kikapu.

— Samahanini, kaka zangu. Hizo plagi zikitoka tanurini huwa nzima?

— Nzima, alijibu Kazimir.

— Na zikishakazwa kwenye kile chuma cha barafu?

Wote walizoea kuziona zimepasuka zikishafunguliwa jioni. Hakuna aliyewahi kusimama pale zikifungwa.

Kazimir aliacha kahawa, akavuka barabara huku akiteleza.

— Ngoja! Usikaze!

Dereva alikuwa ameshainama na spana. Alizungusha mara ya mwisho, na Kazimir, sikio karibu na injini, akasikia: *ti*. Mlio mdogo, kama wa yai likigongwa ukingoni mwa bakuli.

— Umesikia? Si udongo! Chuma cha baridi kinaikaba ikiwa bado ya moto!

— Sasa gari haliendi, mzee. Bosi yule anakuja.

Kweli bosi alikuwa anakuja, kola ya koti juu, uso umekunjwa. Kazimir hakujificha. Furaha ilikuwa imemjaa.

— Nipe plagi nyingine ya moto, alimwambia dereva. Nataka na yeye aisikie ikipasuka.