Rafiki Yake Mkasi

Benchi la mbele ya duka la Mkasi, fundi cherehani, lina sheria moja: mtu akileta shida ya "rafiki yangu", haulizwi rafiki huyo ni nani. Kwa sheria hiyo Breki, dereva mstaafu, aliwahi kuleta rafiki anayeogopa giza, na Profesa, fundi baiskeli, akaleta rafiki aliyeachwa na mke mmoja mara mbili. Leo ilikuwa zamu ya Mkasi. Asubuhi alijifungia dukani akala mkate mzima na pakiti tatu za biskuti, wima, bila hata njaa. Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo, na sasa alikuwa anajiogopa. Akawamiminia wenzake kahawa, akajikaza kisabuni.

— Nina rafiki yangu, anakula kwa kujificha. Akianza, hawezi kuacha. Tumbo linauma, mkono bado unakwenda.

— Minyoo hiyo, akasema Profesa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe la nini?

— Ifanye kazi. Imezoea kulishwa bure.

Breki alitafakari.

— Si minyoo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Abadilishe fundi.

— Fundi wake ni mimi.

— Pole.

— Sikilizeni, akasema Profesa. Kuna watu hawasikii njaa kabisa. Njaa yao inakwenda wapi? Wanamsukumia huyo maskini!

— Basi jiko lake lipigwe kufuli, akasema Breki. Ufunguo akae nao jirani asiyempenda.

— Alishajaribu kushinda bila kula. Jioni akala mara mbili yake.

— Ajikaze! akasema Profesa. Mtu mzima anashindwaje na biskuti?

Wakacheka. Mkasi naye akacheka, masikio yakimwaka kwa aibu.

Muuguzi mmoja, aliyekuja kuchukua sare yake, alikuwa amesimama pembeni akisikiliza.

— Shikamooni. Samahani baba, huyo rafiki akimaliza kula, anajisikiaje?

Breki akachungulia kikombe chake.

— Anajichukia, akasema Mkasi. Anaficha pakiti chini ya vitambaa. Halafu anaapa kwamba hatarudia tena.

— Huo si uroho, baba. Ni maradhi, na yanatibika. Tena kujinyima kutwa nzima ndiko kunakoyachochea. Jumanne kliniki yetu ina mshauri, wala hamgombezi mtu. Mwambie aje.

— Ataona haya.

— Nani atamsindikiza?

Hapo sheria ikawabana wote watatu. Breki akainua birika amimine, likatoa tone moja.

— Jumanne sina safari, akasema, akiliangalia birika.

— Mimi nitashika duka, akasema Profesa. Kushona sijui, lakini "njoo kesho" naijua vizuri.

Mkasi akaingia ndani kuchukua sare ya muuguzi. Alikawia kutoka, kwa kuwa alikuwa analia, na hakuna aliyemwita.