Aliyewataja Wenzake Kumi na Mmoja: Risala ya Kikundi cha Tujuane kwa Mkuu wa Maktaba

Mgeni rasmi, Mkuu wa Maktaba;
Mwenyekiti wetu;
Mwenye duka la kushona aliyetuazima chumba hiki;
Wanachama wenye kazi, na wanachama wenye subira;
Mabibi na mabwana:

KARIBU NDANI

Mgeni rasmi, karibu sana. Hicho kiti ulichokalia ndicho pekee humu ndani ambacho miguu yake minne inaelewana. Vingine tunavijua wenyewe, kila mtu na upande wake wa kuegemea. Ukisikia cherehani zinanguruma nyuma ya ukuta, usidhani tumedharauliwa. Ni sare za shule, zinatakiwa Jumatatu. Mwenye duka alitaka kuzizima kwa heshima yako, tukamkatalia. Sisi ndio watu wa mwisho duniani kusimamisha kazi ya mtu.

Tunajua kwa nini umekuja. Siku ya kwanza Bwana Rula alipoanza kazi kwako kwenye mtambo wa kunakili, ulimwuliza, "Yule mama aliyekuja kukusifia ni dada yako?" Akakujibu, "Hapana, ni mbebaji wangu." Ukacheka, ukasema ungependa kuwaona watu wanaobebana. Ndio sisi hawa. Leo tutakueleza tunavyobebana, na tutakueleza habari za yule mama.

TULIKOTOKA

Sisi sote tulikuwa kiwanda kimoja cha uchapaji. Kilipofungwa tulikuwa thelathini na wanne, kila mmoja akashika njia yake na bahasha yake ya kaki. Mwaka mzima tulitafuta kazi kama watu wanaotafuta kitu walichoiba. Ukiona tangazo ukutani unalisoma upesi, halafu unasimama mbele yake, mgongo kwa watu, unajifanya unasubiri mtu.

Basi asubuhi moja, saa moja na nusu, watu watatu wakakutana kwenye geti la kampuni ya kutengeneza maboksi. Bwana Rula, aliyekuwa akiendesha mashine ya kukata karatasi, alikuwa amewaaga wenzake kwamba anakwenda kung'oa jino. Katibu wetu, huyu anayekusomea, alikuwa ameaga kwamba yuko msibani. Mama Jalada, aliyekuwa akijalidi vitabu, alikuwa amesema anampeleka mama yake kliniki.

Wakaangaliana, kila mtu na bahasha kifuani.

"Jino limetoka?" Mama Jalada akamwuliza Rula.

"Bado linafikiria. Mama hajambo?"

"Hajambo, yuko nyumbani anakunywa chai." Akamgeukia katibu. "Na wewe, shemeji, pole na msiba."

"Ahsante. Marehemu ndiye mimi."

Walicheka mpaka mlinzi akawatoa wote watatu kwenye foleni. Kazi ile hakuna aliyeipata.

Wakarudi mjini kwa miguu. Njiani Bwana Rula akasema lile neno ambalo kila asiye na kazi hulisema: kazi siku hizi ni za kujuana, na sisi hatumjui mtu. Mama Jalada akasimama katikati ya njia, viatu mkononi maana vilikuwa vinambana.

"Basi tujuane," akasema. "Rula, mimi na wewe tumekaa meza kwa meza miaka kumi na sita. Nikiulizwa unakata vipi karatasi, naweza kueleza mpaka watu wasinzie. Wewe ukiulizwa utasema nini? Utasema 'naomba kazi,' halafu utaangalia viatu vyako. Lete hiyo bahasha."

Rula akampa. Kikundi kikaanza hapo, barabarani, pasipo mwenyekiti wala muhuri.

TUNAVYOBEBANA

Mgeni rasmi, utaratibu wetu ni mmoja tu na unawashangaza wengi. Katika kikundi hiki mtu haruhusiwi kujitafutia kazi. Unamtafutia mwenzako. Yeye ndiye mbebwa, wewe mbebaji, na wewe nawe una mbebaji wako. Kabla ya kumbeba mtu, nenda kwake, ukae, umwone akifanya kazi kwa mikono yake. Halafu popote upitapo, dukani, hospitali, kwenye harusi ya watu, ukimpata mwenye kazi inayomfaa, unamtaja mwenzako. Kila Jumanne asubuhi tunakutana humu na kila mtu anasimama: nimemtaja nani, kwa nani, nikajibiwa nini. "Nilimsalimia meneja" haihesabiwi.

Na uongo ni marufuku. Mchelewaji atatajwa kuwa ni mchelewaji. Katibu huyu alibebwa kwa maneno haya: "Anaandika vizuri, anachekesha, lakini saa mbili yake ni saa mbili na nusu." Akapata kazi ya kufundisha shule ya jioni, inayoanza saa kumi. Hajachelewa hata siku moja, isipokuwa mbili.

MAFANIKIO

Katika thelathini na wanne, ishirini na mmoja tuna kazi. Kati ya hao, kumi na mmoja walibebwa na Mama Jalada peke yake.

Hatujui anavyofanya, tumejaribu kumwiga tumeshindwa. Dereva wetu alikuwa ametembea na leseni yake mwaka na nusu, kila ofisi inamwambia acha namba ya simu. Mama Jalada akapanda naye gari mara moja tu, kiti cha nyuma, na kikombe cha chai mkononi. Kesho yake akaenda kwa mwenye zahanati akamwambia, "Daktari, nina dereva. Akivuka tuta, chai ya abiria haimwagiki. Nimejaribu mwenyewe, na gauni hili hapa, angalia, halina doa." Dereva sasa anaendesha wagonjwa, amekaa pale dirishani.

Mwenzetu wa kusafisha mitambo alikuwa haongei, anaogopa watu. Mama Jalada akamtaja hivi: "Haongei. Lakini mashine ikiugua anaisikia kabla haijakohoa." Akachukuliwa. Bado haongei.

CHANGAMOTO

Kwa kawaida hapa watu hutaja changamoto kumi. Sisi tunayo moja. Aliyetubeba hana kazi.

Tunajua akisikia aya hii atainuka kwenda kuangalia birika. Birika limeshaangaliwa. Mwenyekiti amekaa pale mlangoni, na hajakaa pale kwa bahati. Kaa, mama.

Mama Jalada ana miaka hamsini na mmoja. Anaishi na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na ushee ambaye kumbukumbu zake zinaingia na kutoka kama paka. Bibi ameambiwa mara nne kwamba kiwanda kimefungwa. Mara zote nne alilia upya, kama habari ya leo, akamshika binti yake mikono akimwuliza, "Sasa tutafanyaje, mwanangu?" Mara ya tano Mama Jalada hakumwambia. Tangu siku hiyo anaamka saa ileile ya kazi, anakunja aproni yake, anaitia mkobani, anaaga.

Jioni akirudi, bibi anamwuliza lile swali la miaka yote: "Leo mmejalidi vingapi?"

Mama Jalada hawezi kumdanganya mama yake. Kwa hiyo akatafuta njia ya kusema kweli. Anazunguka kwa majirani na kwenye shule ya karibu anaomba vitabu vilivyochanika, vilivyoachana na mgongo, vilivyolowa. Anakaa hapo, kwenye hiyo meza ya pembeni ya dirisha, na sindano, uzi na gundi anayoipika mwenyewe kwa unga, anavishona. Hakuna anayemlipa na hajaomba. Mwenzetu mmoja alimsindikiza siku moja akayasikia haya:

"Leo mmejalidi vingapi?"

"Vitatu, mama."

"Vitatu tu? Bosi hakugomba?"

"Vilikuwa vigumu. Kimoja kilikuwa kimeliwa na mbuzi."

"Ee, basi pole. Kula."

Hili tumelisema bila kumwomba ruhusa. Tulijua angetunyima.

SIKU YA INTAVYU

Mgeni rasmi, sehemu hii unaijua kwa upande wa ndani. Ngoja tukupe ya nje.

Mbebaji wa Mama Jalada ni katibu. Mwezi wa tatu alipeleka barua yake kwako, ile nafasi ya msaidizi wa mtambo wa kunakili na kujalidi, na mkamwita. Tulimwazima viatu visivyombana. Katibu akamsindikiza akabaki ngazini. Baada ya nusu saa mama akatoka anang'aa.

"Vipi?"

"Vizuri mno! Nadhani watamchukua."

"Watamchukua nani?"

"Rula."

Katibu akamkazia macho. "Mama Jalada. Intavyu ilikuwa ya nani?"

Akasimama, mguu mmoja ngazi ya juu, mwingine ya chini. "Ala!" Akaziba mdomo kwa mkoba. Halafu akacheka mpaka akakaa chini, na katibu naye akacheka, na ilipita muda kabla katibu hajaona kwamba mwenzake ameacha kucheka zamani na machozi yanaendelea tu yenyewe.

"Walisema, 'Tueleze kuhusu wewe,'" akasema. "Mimi nikifungua mdomo mbele ya meneja, anatoka mtu mwingine. Miaka miwili nafanya hivyo, shemeji. Nilimtafuta huyo 'wewe' sikumwona, nikamwona Rula."

Wewe ulikuwa umekaa katikati ya waulizaji, mgeni rasmi. Rula ametuambia ulivyomsimulia: kwamba ulimwuliza mara ya pili, kwa upole, "Na wewe mwenyewe, mama?" Na yeye akajibu, "Mimi nipo."

Hatukulaumu. Ulimchukua mtu uliyeelezwa, na ulielezwa vizuri. Bwana Rula mwenyewe alikuja hapa Jumanne iliyofuata akataka kuirudisha ile kazi kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Mama Jalada akamfokea mbele ya watu wote: "Rula, ukiiacha hiyo kazi sitakutaja tena hata kwenye sala." Akabaki kazini. Lakini tangu hapo hapiti karibu na meza ya dirishani bila kuinamisha kichwa.

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi saba. Tumefuta sita. Viti tutavipigilia misumari wenyewe.

Kwenye ubao wako kuna tangazo la fundi wa kukarabati vitabu. Mwisho wa kupokea barua ni Ijumaa. Linasema umri usizidi arobaini na mitano, na cheti. Katibu alipeleka barua ya Mama Jalada Jumatatu. Dirishani kwako wakasoma mwaka wa kuzaliwa wakairudisha, kwa adabu, hata hawakuifungua yote. Mama Jalada hajui kwamba ilipelekwa. Sasa amejua.

Utaratibu wetu ni kutaja mtu mzima-mzima, pamoja na mabaya yake, kwa hiyo tunamtaja hivi:

Hana cheti. Mafunzo yake ni miaka ishirini na sita mezani. Sikio la kushoto halisikii vizuri, mashine zimelichukua, msemeshe upande wa kulia. Akimwona mtu anakunja ncha ya ukurasa atamkemea, hata kama ni mkuu wake, tunakuonya mapema. Hawezi kujieleza, umeshamwona. Kitabu kilicholiwa na mbuzi alikishona, kurasa zilizokosekana akaziandika kwa mkono wake kutoka kitabu cha mtoto mwingine, kumi na nne, na mwalimu hakujua hadi alipoambiwa. Wengine wanashona kitabu kifunge. Yeye anashona kifunguke, kikae wazi mezani bila kushikwa, na alitufundisha kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Hatuombi umwonee huruma. Akipimwa akashindwa, tutakushukuru vilevile na tutakusindikiza mpaka kwenye gari. Tunaomba barua yake ipokelewe kabla ya Ijumaa, na siku ya kumwita, usimwulize habari zake. Hazijui. Mpe kitabu kilichoharibika kuliko vyote ulivyonavyo kule stoo, mpe meza yenye mwanga, halafu toka umwache. Rudi baada ya muda wa saa tatu.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, kwetu mtu mmoja hubebwa na mtu mmoja. Jumanne iliyopita, Mama Jalada alipotoka kuchota maji, tulipiga kura ya haraka, hata aliyekuwa anakula akanyoosha mkono na mkate. Tumeivunja kanuni, kwa mara hii tu. Bwana Rula ndiye aliyenyoosha wa kwanza, na yeye ndiye atakayekukabidhi barua ya Mama Jalada mkononi tutakapomaliza kupiga makofi. Ni ileile iliyorudishwa dirishani.

Tunakuombea afya, macho ya kusoma hadi uzeeni, na nyumba yenye amani. Tunamwombea bibi aliyeko nyumbani, apate jibu la kweli kila jioni. Na kwa kila mwenye bahasha ya kaki popote alipo, tunamwombea mtu mmoja wa kumtaja.

Ni sisi, watu thelathini na watatu wa Kikundi cha Tujuane,
wabebaji wa Mama Jalada.