Bi Zamu Akabidhi Ufunguo wa Lango la Maji

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Zamu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika skimu yetu ya umwagiliaji. Jina hilo tulimpa sisi. Ukimwomba maji kabla ya siku yako, jibu lake ni moja: zamu ni zamu. Mume wake analalamika kwamba nyumbani kwao hata chai hunywewa hivyo.

Alianza kama kibarua wa kuzibua mifereji, tope magotini, mwanawe wa kwanza mgongoni. Majirani walituambia ardhi hii haioti kitu ila miiba. Leo wananunua vitunguu kwetu.

Lakini tunamkumbuka zaidi kwa mwaka ule wa ukame, mto ulipobaki mchirizi. Meneja wa wakati huo aliamuru mashamba ya mkiani mwa mfereji yafungiwe maji ili ya juu yanusurike. Mahindi ya mkiani ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele. Bi Zamu, mgawa maji wetu, akaweka kigoda langoni, akaketi. Meneja alipofika kumfokea, Bi Zamu alimjibu taratibu: “Bosi, kunifukuza unaweza. Kuwafungia watu chakula kwa mkono wangu, huwezi.”

Kaka yake Bi Zamu, mwenye shamba la juu, naye akaja kudai zamu nzima. “Dada, hata mimi?” Hata yeye. Nusu zamu kwa kila mtu, wa juu na wa mkiani.

Bi Zamu alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Wakulima wakakaa langoni kwa kupokezana, wakafuata mgawo wake hadi mvua iliponyesha. Hakuna aliyejaza ghala, wala hakuna aliyetoka mikono mitupu. Mkutano wa wakulima ukamrudisha kazini, meneja apende asipende.

Kaka hakumsalimia msimu mzima. Kisha asubuhi moja alikuja na koleo, akazibua mfereji kando ya dada yake. Bi Zamu aliendelea na kazi huku machozi yakimtoka, akasingizia vumbi.

Sasa amechukua shamba kule mwisho kabisa wa mfereji, ambako sote tunasema maji hayafiki. Ameshaanza kuchimba. Alipogundua tunamchangia kiti cha kupumzikia, alikikataa kabla hakijanunuliwa, kwa hiyo tumemnunulia jembe.

Asante, dada yetu, kwa kusimama tulipoyumba. Uwe na afya njema, na maji yakufikie huko huko.