Kila Nilipogeuza Shingo

Kamwene, ndugu zangu. Mchungaji ameniruhusu kusema, na nimemwomba nisimame hapa penye benchi ili niwe na pa kushika. Wengi mnanijua. Mimi ni yule fundi seremala niliyeezeka mabati mengi ya huku Kilolo. Mnayajua pia maneno yaliyosemwa juu yangu. Leo nitayasema mwenyewe, ila jina la mtu sitataja.

Mara ya kwanza nilianguka humu humu kanisani, siku ya harusi. Nilivaa shati jeupe lenye kola ngumu, na tai juu yake. Waimbaji walipoanza kuingia nikageuka nimtazame bibi harusi. Sikumwona. Ninachokumbuka ni sakafu baridi shavuni, na sauti za watu kama zinatoka ng'ambo ya bonde.

"Fundi, ulanzi wa harusi haujaletwa, wewe umeshalewa?" mtu akanitania. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Nawaambia, kicheko kile hakikudumu. Nilianguka tena nikinyoa ndevu uani. Nikaanguka nikigeuka kumwita mbwa. Hakukuwa na maumivu wala dalili. Ilikuwa kama kuna mtu amesimama nyuma yangu siku zote, ananiziba macho anapotaka yeye. Nikaanza kumwogopa. Nikiwa peke yangu shambani nilikuwa nasimama kusikiliza, labda nitamsikia akija. Mke wangu akawa ananitazama nikila.

Kazi sikuacha, watoto wangekula nini? Nikaenda Iringa mjini kuezeka duka la mfanyabiashara mmoja, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Nikiwa juu ya kenchi, zile mbao za kubeba paa, nikageuza kichwa kumwomba mwenzangu misumari. Niliamkia chini, juu ya lundo la mchanga, mbavu zimevunjika. Hatua moja pembeni yalikuwa mawe ya msingi. Mwenye duka alikuwa amepiga magoti, ananipepea kwa kofia yake.

"Pole, fundi, pole sana. Wewe hukuteleza. Nilikuwa nakutazama. Ulizimika kama koroboi, ndipo ukaanguka."

Niliporudi nyumbani nikakuta maneno yametangulia. Kifafa. Mnajua neno hilo linavyotembea huku kwetu. Sahani yangu ikatengwa na za wengine. Jirani niliyezoea kula naye akawa ameshiba kila nilipomkaribisha.

Na wakati huo binti yangu mkubwa alikuwa amechumbiwa. Wakwe walikuja siku ya baridi kali, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, tukawakaribisha ndani karibu na moto. Nilivaa lile shati la kola, nikafunga mpaka kifungo cha juu, maana nilitaka wanione mtu kamili. Mmoja wao alichelewa. Alipobisha hodi, nikageuza shingo nimkaribishe.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Niliangukia mafigani, mkono wa kushoto ukaingia motoni. Nyumba ilijaa watu, ndugu zangu, wanaume wenye nguvu zao. Mmoja akapiga kelele, "Msimguse! Mate yake yasiwapate! Mwacheni kwanza!" Wakarudi nyuma hadi ukutani. Binti yangu alikuwa anatoka chumba cha nyuma na chai ya wageni. Akaitupa chai, akanivuta kwa miguu.

Mimi nilipofumbua macho nilisikia harufu ya nyama. Nikadhani wanachoma ya wageni.

Tazameni. Vidole hivi viwili havikunjiki tena.

Wageni waliondoka bila kuaga, na uchumba ukafa siku hiyo. Nikamwambia binti yangu, "Mwanangu, nimekuharibia maisha."

"Nyamaza, Baba," akasema. "Lete mkono niufunge."

Habari zikamfikia yule mwenye duka. Akatuma mtu kuniambia kwamba lori lake linakwenda Mbeya, na kwamba huko kuna daktari asiyefukuza mgonjwa kabla hajamsikiliza. Tukapanda, mimi na binti yangu, juu ya magunia ya chumvi. Njia nzima alinishika mkanda wa suruali. Kila lori lilipoyumba nilisema moyoni, sasa.

Daktari alikuwa Mzungu, Kiswahili chake cha kuungaunga, dresa, mfunga vidonda wa hospitali, akimsaidia. "Kabla ya kuanguka unafanya nini?" akaniuliza.

"Sifanyi kitu, bwana."

"Anageuza shingo," binti yangu akasema. "Kila nilipomwona akianguka, aligeuza shingo kwanza. Na mara nyingine kola imembana."

Daktari akaweka kalamu chini. Akanilaza kitandani. Mkono mmoja akanishika mapigo, vidole vya mkono wa pili akaviweka hapa, chini ya taya, panapodunda. "Usiogope," akasema, akabonyeza taratibu.

Yule mtu wa nyuma yangu akaja. Nilimjua. Giza.

Nilipozinduka, dresa alikuwa anatokwa jasho. "Moyo wako ulisimama kidogo," akaniambia, "halafu ukaendelea."

Daktari akanieleza polepole. Ubongo, alisema, hauna ghala. Tumbo linaweza kushinda na njaa, lakini ubongo unataka damu yenye hewa safi wakati wote; ikikatika kwa muda wa pumzi chache tu, unazimika. Kwa hiyo mwili umeweka mlinzi shingoni, kwenye mshipa unaopanda kichwani, apime msukumo wa damu. Ukizidi, anauambia moyo uende polepole. Ukipungua, anauhimiza. Mlinzi wangu mimi ni mwoga. Kola ikimbana, au shingo ikijipinda, anadhani damu imefurika, anausimamisha moyo. Nikishalala chini damu inarudi kichwani, naamka.

"Kwa hiyo si kifafa?"

"Si kifafa. Na hata kingekuwa kifafa, hakiambukizi kwa kumshika mtu. Walipaswa kukutoa motoni."

Hapo binti yangu akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Nilipewa vidonge. Nikakatazwa kola, tai na mapaa. Sasa natengeneza milango na majeneza, chini, miguu yangu ikiwa ardhini, na mtu akiniita nageuka mwili mzima kama ng'ombe. Tangu mavuno yaliyopita sijaanguka. Lakini daktari hakuniahidi, nami siwaahidi ninyi. Wakwe hawakurudi. Binti yangu amekaa pale nyuma, karibu na dirisha. Msimwangalie sana, haya zake nazijua.

Namshukuru yeye. Namshukuru mwenye duka, ambaye hasali nasi lakini alipiga magoti mchangani kwa ajili yangu. Namshukuru daktari na dresa wake. Namshukuru Mungu aliyeuacha moyo uendelee.

Na hao waliosimama ukutani, baadhi yao wamo humu. Sina kinyongo, mliogopa, nami niliogopa kuliko ninyi. Ninaomba jambo moja tu. Mtu akianguka mbele yenu, mshikeni kwanza, jina la ugonjwa mtauliza baadaye. Na mimi nikianguka hapa sasa hivi, msikimbie. Nilazeni chali, legezeni shati shingoni, inueni miguu yangu, mnisubiri. Nitarudi.